Kiingereza cha mtihani kwa vijana wetu wa Tanga: makosa ni yale yale kila mwaka, tuyashughulikie hivi

MwalimuMakorora:

Asalaam aleykum wakuu, na habari za jioni.

Nafundisha Kiingereza tuisheni hapa Makorora. Wengi ni wa kidato cha pili na cha nne, na darasa la saba wapo wachache. Msimu wa mitihani ukikaribia simu haitulii: wazazi wanauliza wanunue kitabu gani. Nimeona bora niandike hapa kwa kirefu, kila mwenye mtoto asome kwa nafasi yake.

Neno langu kubwa ni moja. Watoto wetu hawakosei Kiingereza ovyo ovyo, wanakosea kwa utaratibu. Sentensi inaanzia kichwani kwa Kiswahili kizuri tu, halafu mtoto anaivika maneno ya Kiingereza ikiwa na mifupa yake ya Kiswahili. Ndiyo maana naweza kukaa hapa na kuyataja makosa ya kijana wa Ngamiani ambaye sijawahi kumwona. Kosa unalolijua kabla halijatokea, unaweza kulizuia. Mazoezi yasiyoanzia hapo yanamchosha mtoto bure.

Tuanze na hili: "If I would know, I would come." Ni tafsiri ya "ningejua ningekuja". Sisi tunaweka -nge- pande zote mbili, na mtoto kwa uaminifu kabisa anaweka "would" pande zote mbili. Kiingereza hakikubali. Upande wa "if" kitenzi kinarudi kwenye wakati uliopita: "If I knew, I would come." Ikiwa nafasi imeshapita, yaani ile ya "ningalijua ningalikuja", inakuwa "If I had known, I would have come." Swali la namna hii halikosekani kwenye mitihani: wanakupa sentensi nusu, wewe uimalizie.

La pili: "Although he was sick, but he came." Hii ni "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja", na kwetu ni sentensi safi haina doa. Kwao unachagua kimoja. Ukiweka although, but inaondoka.

La tatu naomba nikae nalo kidogo, maana wengi hawajafundishwa. Mtoto anapewa picha aieleze, anaandika "She has worn a white dress and she has stood near the door." Kosa liko kwenye -me- yetu, ambayo ina kazi mbili. "Amefika" ni jambo lililokwisha, na hapo "has arrived" ni sawa. Lakini "amevaa", "amesimama", "amelala" na "amekaa" ni hali aliyo nayo mtu wakati huu tunaomwangalia, na Kiingereza kinaisema kwa -ing: is wearing, is standing, is sleeping, is sitting. Mfundishe mtoto ajiulize kabla hajaandika: hii -me- ni ya jambo lililokwisha au ni ya hali? Swali hilo moja linafuta makosa mengi sana.

Na kuna mahali -me- hiyo hiyo inamsaidia. Mtoto wa Tanga ukimwambia "nimefika jana" sikio lake linakataa, yeye atasema "nilifika jana". Basi Kiingereza nacho kinakataa vivyo hivyo "I have arrived yesterday". Palipo na yesterday, last week, two days ago au in 2019, tumia umbo la -li-: I arrived. Watoto wanashangaa sana wakigundua kwamba kanuni wanayoihangaikia kwenye notsi wanayo mdomoni tangu wadogo.

Mengine nayataja haraka. "Can you borrow me a pen?" kwa sababu kuazima kwetu kunakwenda pande zote mbili, anayetoa na anayepokea. Kwao anayetoa ana-lend, anayepokea ana-borrow. "I am hearing cold" kwa sababu tunasikia baridi, tunasikia njaa na tunasikia harufu. Kwao ni feel cold, be hungry, smell. "The students they are late" kwa sababu ya wa- ya "wanafunzi wamechelewa". "My mother he is a nurse" kwa sababu yeye ni yeye tu, mke au mume. Na -ni yetu ya nyumbani, mezani na mjini kwao imegawanyika: at home, on the table, in town. Hiyo ya mwisho haina ujanja, inajifunzwa kwa fungu zima la maneno, usimpe mtoto "in", "on" na "at" zikiwa peke yake.

Sasa namna ya kufanya mazoezi. Kila mwanafunzi wangu ana daftari la makosa. Ukurasa unapigwa mstari katikati. Kushoto anaandika sentensi aliyokosea kama alivyoiandika, bila kuipamba. Kulia anaandika iliyo sahihi. Chini yake anaandika Kiswahili kilichomponza. Baada ya wiki anafunika upande wa kulia kwa karatasi na kuisahihisha upya kwa kichwa chake. Daftari hili kwangu lina thamani kuliko kitabu chochote cha dukani, kwa sababu limeandikwa na mtoto mwenyewe kuhusu mtoto mwenyewe.

Na aandike sentensi nzima kila mara. Kujaza neno kwenye nafasi iliyo wazi kunampa mtoto imani asiyostahili: anapata nane ya kumi, halafu ukimwambia aandike barua anashindwa.

Karibuni kwa maswali.


MamaChumbageni:

Mwalimu, Mungu akubariki. Binti yangu yuko kidato cha pili, anakariri maneno ya kamusi usiku na mchana. Ukimuuliza maana anajua. Ukimpa insha anarudi kwenye good, bad, big, nice. Tatizo nini?


MwalimuMakorora:

Dada yangu, asante kwa swali. Neno alilolikariri peke yake halijui jirani zake, kwa hiyo siku ya kuandika haliji.

Fanyeni hivi. Kwanza, neno lije na ukoo wake. Akijifunza "decide", siku hiyo hiyo aandike decision, decisive na indecisive, na kila moja alitungie sentensi. Mtihani unapenda kumpa mtoto kitenzi na kumtaka aweke nomino: "Her ... (decide) surprised everybody." Aliyejifunza neno moja moja anaandika "deciding" na maksi inapotea.

Pili, neno lije na mwenzake anayetembea naye. Waingereza wana-make a mistake na wana-do homework, wanasema heavy rain na strong wind. Sisi tunafanya kosa na tunafanya kazi ya nyumbani kwa kitenzi kimoja, ndiyo maana mtoto anaandika "do a mistake".

Tatu, na hili ndilo kubwa, aandike mambo anayoyaona. Mpeleke Deep Sea, pale panaposhushwa samaki, asubuhi mashua zinaporudi, akirudi aandike aya moja. Atahitaji net, scales, auction, ice, bargain. Haya yatamkaa kwa sababu ameyasikia yakinuka na kupiga kelele. Wiki nyingine aandike mkonge, kuanzia shambani hadi kamba. Wiki nyingine Mapango ya Amboni kama amewahi kufika. Maneno matano au sita anayoyatumia mara kwa mara yanamfaa kuliko hamsini yaliyolala kwenye daftari.

Na tahajia asiisahau. Kiswahili tunaandika tunavyotamka, Kiingereza hakina huruma hiyo. Wednesday, receive, necessary, beginning: aangalie neno, alifunike, aliandike, alifunue. Kwa mkono, siyo kwenye simu, maana simu inamsahihishia.


BabuPongwe:

Mwalimu nakupongeza. Mimi ni mstaafu, nimefundisha shule za msingi miaka mingi ya maisha yangu, naomba niongeze la darasa la saba maana mtihani wao ndio unaotangulia, Septemba.

Watoto wanaofanya mtihani sasa walianza somo la Kiingereza darasa la tatu. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umelirudisha somo hilo hadi darasa la kwanza, lakini hawa wa sasa hawakuupata. Tuwahurumie na tuwasaidie.

Swali linalowasumbua ni lile la kupanga sentensi nne zilizovurugwa. Wanabahatisha, na hakuna haja ya kubahatisha. Chukueni mfano huu nilioutunga:

A. Then he sold them at the market.
B. Finally, he went home with a bag of rice.
C. Juma is a fisherman in Tanga.
D. Yesterday he caught many fish.

Mwambie mtoto atafute kwanza sentensi yenye jina la mtu. Hadithi haiwezi kuanza na "he" kabla hatujajua ni nani. Hiyo ni C. Halafu atazame "them" kwenye A: ni kina nani hao? Ni samaki, basi D lazima itangulie A. "Finally" inafunga mlango. Jibu ni C, D, A, B. Mtoto akishajua kufuata majina na viwakilishi vyake, swali hili linakuwa la kujipatia maksi.


MwalimuMakorora:

Shikamoo babu. Hii nitaipeleka darasani kesho kama ilivyo.


Mzalendo_Duga:

Kwa heshima zote mwalimu, naona unazunguka. Mimi nilipiga pasti pepa tu, za miaka kumi nyuma, nikafaulu. Mitihani inajirudia. Haya mambo ya daftari la makosa mtoto atayafanya saa ngapi na masomo yako mengi?


MwalimuMakorora:

Kaka, hoja yako ina uzito na sitaipuuza. Pasti pepa ni lazima. Mtoto asiyezigusa anaingia ukumbini hajui swali linavyoulizwa. Ninachokipinga ni namna zinavyotumika: mtoto anafanya karatasi, anatazama majibu, anajihesabia maksi, anahamia mwaka mwingine. Kosa la 2019 analirudia kwenye ya 2020 na ya 2021. Karatasi tatu zilizochambuliwa sentensi kwa sentensi zina faida kuliko kumi zilizopitiwa mbio.

Na kuna kitu ambacho wazazi wengi hawakijui. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wanatoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, iko kwenye tovuti yao na haina malipo. Mle ndani wanaonyesha swali lilivyojibiwa, sampuli ya jibu zuri na sampuli ya jibu baya kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe, na sababu ya kukosa. Nawaambia kwa dhati, mwanafunzi wa kidato cha nne akikaa na taarifa hiyo jioni moja, anaelewa msahihishaji anatafuta nini. Ukisoma utaona wanalalamikia mambo haya haya tunayozungumza hapa: tensi, upatanisho wa kiima na kitenzi, kutosoma maelekezo.

Kuhusu muda: daftari la makosa ni dakika chache baada ya kila zoezi, haliombi siku yake. Na tuangalie viwango vya kidato cha nne. D inaanzia 30, C inaanzia 45, B 65, A 75. Kijana wa 38 anayeacha kusahau -s ya mtu wa tatu (ile ya "he lives") na kuacha kuchanganya -me- na -li- hayuko mbali na C. Wengi wanaoanguka hapo katikati hawakukosa akili, walikosa mtu wa kuwaonyesha kosa lao ni lipi.


Raskazone_Dada:

Mimi linaniuma jambo jingine. Mwanangu alikuwa shule moja ambayo mtoto akisikika anaongea Kiswahili anavalishwa kibao shingoni hadi ampate mwenzake wa kumvalisha. Alinyamaza kabisa. Kiswahili aliogopa, Kiingereza hakukiweza. Nikamhamisha. Hivi kweli ndivyo Kiingereza kinavyofundishwa?


MwalimuMakorora:

Pole sana dada, na pole kwa mtoto. Hapana, sivyo. Mtoto aliyenyamazishwa hajifunzi lugha yoyote. Lugha inaingia kwa kuisema vibaya mbele ya mtu asiyekucheka, ukasahihishwa kwa upole, ukasema tena.

Na Kiswahili siyo adui wa Kiingereza. Kila nilichoeleza hapo juu nimekieleza kwa kukitumia Kiswahili kama taa. Shaaban Robert amezaliwa Vibambani, hapa hapa kwetu Tanga, mwaka 1909. Sisi wa mkoa huu tuone fahari, na fahari hiyo haituzuii kujifunza lugha ya mtihani vizuri. Mtoto anayejua lugha yake kwa kina anazishika kanuni za lugha nyingine haraka, kwa sababu ana mahali pa kuzilinganisha.

Nyumbani mtengee saa ya Kiingereza ambayo na wewe unakosea pamoja naye. Kama hakuna vitabu, Maktaba ya Mkoa ipo pale mjini, ile ya King George VI. Achukue hadithi fupi nyepesi kuliko darasa lake, asome kwa sauti. Nyepesi nasisitiza. Kitabu chenye maneno kumi magumu kila ukurasa kinamfukuza.


KijanaWaMuheza:

Shikamoo mwalimu. Mimi niko kidato cha nne. Reported speech, yaani kuripoti maneno aliyosema mtu, inanitesa. Nikiandika naona iko sawa, mwalimu wa shule anapiga kosa.


MwalimuMakorora:

Marahaba mwanangu. Inakutesa kwa sababu Kiswahili hakikudai chochote. Juma akisema "nitakuja kesho", wewe unaripoti "Juma alisema atakuja kesho". -ta- imebaki -ta-, kesho imebaki kesho. Kiingereza kinataka kila kitu kipige hatua moja nyuma: "Juma said that he would come the following day."

Fuata mpangilio huu. Badili nani: I inakuwa he au she kulingana na msemaji. Badili kitenzi: come inakuwa came, will inakuwa would, can inakuwa could, have seen inakuwa had seen. Badili muda na mahali: today inakuwa that day, yesterday inakuwa the previous day, here inakuwa there. Na kama lilikuwa swali, mpangilio wa swali unakufa na alama ya kuuliza inaondoka: "Where do you live?" inakuwa "She asked me where I lived." Wengi wanaacha "where did I live", hapo ndipo pa kuangalia sana. Jambo la kweli siku zote unaweza kuliacha kama lilivyo: "The teacher said that the earth moves round the sun."

Sasa nisahihishie hizi tano, bila kutazama kokote:

1. My uncle he live in Lushoto.
2. If she would study hard, she would pass.
3. Although it was raining but we played at Mkwakwani.
4. He has gone to Pangani last week.
5. You don't like octopus, isn't it?


KijanaWaMuheza:

1. My uncle live in Lushoto.
2. If she studied hard, she would pass.
3. Although it was raining, we played at Mkwakwani.
4. He went to Pangani last week.
5. You don't like octopus, don't you?


MwalimuMakorora:

Ya pili, ya tatu na ya nne ni sahihi kabisa. Hongera, maana ya pili ndiyo wanayoikosa wengi.

Ya kwanza umeiondoa "he", vizuri, lakini uncle ni mtu mmoja na jambo ni la siku zote: lives. Hiyo -s ni ndogo na ndiyo inayokula maksi za watu. Ukiuliza swali inahama kwenye does: "Does he live in Lushoto?" Haikai mara mbili.

Ya tano, sisi tuna "sivyo?" moja inayotosha kila sentensi. Wao wanapindua: sentensi ikikanusha, mkia unakubali, sentensi ikikubali, mkia unakanusha. "You don't like octopus, do you?" Na "You like octopus, don't you?" Ukiulizwa na hupendi, jibu ni "No, I don't." Usiseme "Yes, I don't" kama tunavyosema "ndiyo, sipendi".

Ziandike mbili hizo kwenye daftari la makosa, kisha nitungie sentensi tatu zako mwenyewe: mbili ziwe na -s, moja iwe na mkia.


KijanaWaMuheza:

Nimeshaziandika mwalimu. Hizi hapa:

My grandmother lives in Muheza. She sells oranges near the bus stand. You have never tasted them, have you?


MwalimuMakorora:

Zote tatu sahihi, mwanangu. Na ya mwisho umeipatia pagumu: hakuna "not" hapo, lakini "never" inahesabika kuwa imekanusha, kwa hiyo "have you" ndiyo yenyewe. Hardly na seldom zinafuata njia hiyo hiyo: "He hardly eats, does he?" Kesho nitungie tatu za hizo.